Twamchangia Mgonjwa, Tabibu Je?

Katika Mji wa Kale wa Mombasa ziko njia ambazo gari halipiti. Mtu akizidiwa usiku nyumbani kwake Kibokoni au nyuma ya Ndia Kuu, vijana wa mtaa humbeba juu ya kiti hadi penye barabara, ndipo apakiwe tuktuk akimbizwe hospitali. Kesho yake, kabla ya jua kutua, daftari la mchango huwa limekwisha kuzunguka barazani: huyu katoa mia mbili, yule katoa elfu, mwenye duka la dawa kaahidi kuuza kwa bei ya chini. Hakuna anayeuliza nasaba ya mgonjwa wala rangi ya kadi yake ya kura. Huo ndio utu tuliourithi kwa wazee wetu, na katika mambo machache tuliyobakiwa nayo, hili twaweza kujivunia bila haya.

Hata hivyo, liko daftari moja ambalo ni nadra kulikuta barazani. Nalo ni la kijana aliyefaulu mtihani, akaitwa chuo kikuu kusomea udaktari, na kwao hakuna cha kumpeleka. Twamchangia mgonjwa akamtafute daktari, lakini daktari mwenyewe hatuulizi atatoka wapi, kana kwamba huvuliwa baharini pamoja na changu na tasi.

Hoja ya makala haya ni moja. Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kwa makubaliano na Serikali ya Kitaifa, yapasa kugharimia kila mwaka masomo ya udaktari ya vijana wachache waliokulia na kusomea hapa petu, kwa mkataba wa kurudi kuhudumu katika hospitali za umma. Nasema pia kwamba mkataba huo haufai kitu iwapo utamfunga mwanafunzi peke yake na kuiacha serikali huru.

Uhaba ni wa nini hasa?

Ni jambo lisilopingika kwamba bara letu lina uhaba wa wahudumu wa afya. Mwaka 2006, Shirika la Afya Ulimwenguni lilizitaja nchi 57 kuwa na upungufu wa kutisha, na 36 kati ya hizo zilikuwa Afrika, kusini mwa Sahara. Kipimo kilichotumiwa wakati huo kilikuwa madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000. Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, shirika hilo lilipandisha kipimo hadi 4.45 ili nchi ziweze kufikia malengo ya maendeleo ya mwaka 2030. Kenya ilikuwa mbali na kipimo hicho kipya siku kilipotangazwa.

Lakini takwimu za nchi nzima hazisemi yote. Hapa kisiwani Mombasa mgeni anaweza kudhani kwamba tuna madaktari wa kutosha. Kuna Hospitali ya Aga Khan, kuna Hospitali ya Pandya, kuna Hospitali ya Mombasa, na katika barabara za mjini vibao vya kliniki za watu binafsi vimepangana kama nguo mnadani. Tatizo ni kwamba vibao hivyo havisomwi na kila mtu. Mchukuzi wa Marikiti, mvuvi wa bandari ya kale na mama muuza mahamri wa Majengo hawana uwezo wa kuingia humo. Kimbilio lao ni hospitali za umma: Tudor, Port Reitz, na kwa maradhi mazito Hospitali Kuu ya Pwani.

Na hiyo Hospitali Kuu si ya Mombasa peke yake. Hupokea wagonjwa waliovuka feri ya Likoni kutoka Kwale, waliosafiri kutoka Kilifi na Taita Taveta, hata waliotoka Tana River na Lamu. Kwa hiyo daktari wa umma wa Mombasa hukabiliwa na foleni ya kaunti sita. Tunapoulizana kwa nini mgonjwa alikaa benchini tangu alfajiri, tukumbuke kwamba foleni hiyo ilianzia mbali.

Sasa yatokea jambo la kustaajabisha. Nchi hii yenye uhaba wa madaktari imekuwa pia na madaktari waliohitimu wasio na kazi. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma wakidai utekelezaji wa mkataba uliotiwa saini mwaka 2013, na hawakurejea kazini hadi Machi 14, 2017. Zilikuwa siku 100. Mwaka 2018 serikali ikawaleta madaktari 100 kutoka Kuba, na wakati huohuo ikawapeleka madaktari 50 Wakenya huko Kuba wakasomee tiba ya familia. Mpango wa kuwaajiri Wakuba ulikomeshwa mwaka 2023. Mwaka uliofuata madaktari waligoma tena, mara hii kwa siku 56, na kiini cha mzozo kilikuwa madaktari wanagenzi: lini watapelekwa vituoni, na watalipwa shilingi 206,000 kwa mwezi kama mkataba wa 2017 ulivyosema au shilingi 70,000 kama serikali ilivyotaka.

Mtu akiyatazama matukio hayo kwa pamoja, atapata funzo. Uhaba wetu una sura mbili. Ya kwanza ni uhaba wa watu waliosomeshwa na walio tayari kukaa mahali wanapohitajika. Ya pili ni uhaba wa nafasi za kazi zilizotengewa mshahara. Anayetibu sura moja akaiacha ya pili ni kama fundi anayeziba tundu la omo ilhali maji yanaingia tezini.

Mlango wa chuo ulivyofungwa

Vijana wa leo waweza kudhani kwamba udaktari umekuwa masomo ya wenye nacho tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, Wakenya waliotaka kuwa madaktari walikwenda Makerere, chuo kilichoanza kufunza tiba mwaka 1924, au ng'ambo. Mwaka 1967 Nairobi ikapata shule yake ya tiba, na baadaye Chuo Kikuu cha Moi kikaanzisha ya pili mjini Eldoret. Katika miaka hiyo serikali ndiyo iliyobeba gharama ya masomo, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyomwajiri mhitimu. Mtoto wa baharia angeweza kuwa daktari kwa akili yake tu na jitihada.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, ikaja sera ya kuchangia gharama. Wagonjwa wakatakiwa kuchangia matibabu, wanafunzi wakatakiwa kuchangia karo. Mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Baadaye vyuo vikafungua milango ya wanafunzi wanaojilipia, na kiti cha udaktari kikawa na bei. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili uliozipanga familia kwa makundi ya uwezo, na hapo ndipo wazazi wengi walipoona kwa mara ya kwanza gharama kamili iliyoandikwa: katika vyuo vya umma, masomo ya udaktari yaliwekewa zaidi ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Masomo hayo huchukua miaka sita. Mfumo wenyewe ulipingwa mahakamani, lakini gharama haikupungua kwa sababu ya kesi.

Namkumbuka mwenzangu mmoja wa Kuze tuliyesoma naye shule ya upili. Alipata alama ya A, akaitwa kusomea udaktari bara. Mtaa ulifurahi, na kwa kweli mtaa ulitoa: msikiti ulichangisha, akina mama wa chama wakatoa, mjomba wake akauza pikipiki. Fedha hizo zilimvusha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili mchango ulipungua, kwani watu walikuwa na wagonjwa wao na arusi zao. Mwaka wa tatu aliahirisha masomo kwa muhula mmoja, muhula ukazaa mwaka, naye hakurudi tena. Leo anafundisha biolojia katika shule ya binafsi, na wanafunzi wake wampenda. Sisemi kwamba ualimu ni kazi duni. Mimi mwenyewe nausomea. Nasema kwamba palikuwa na daktari Kuze, naye akapotea kwa kukosa karo, na siku alipopotea hapakupigwa yowe kwa sababu kifo cha namna hiyo hakina matanga.

Funzo la mkasa huo ni kwamba harambee ni ya dharura. Mchango wa barazani waweza kumfikisha mtu hospitali usiku mmoja. Hauwezi kumlea mwanafunzi kwa miaka sita. Jambo la miaka sita lahitaji mfuko wenye sheria, bajeti na mwenyewe.

Kwa nini mtoto wa hapa?

Baadhi ya wasomaji watauliza: kwani daktari lazima awe mzaliwa wa Mvita? Hasha. Madaktari wengi kutoka kila pembe ya nchi wametutibu kwa moyo safi, nasi hatuna budi kuwashukuru. Hoja si ukabila. Hoja ni kukaa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo kuhusu namna ya kuwabakiza wahudumu katika maeneo yanayowakosa. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwachagua wanafunzi waliotoka katika maeneo hayohayo, na kuwapa ufadhili unaoambatana na sharti la kurudi kuhudumu. Sababu si ngumu kuielewa. Mwenye mama yake Mwembe Kuku ana sababu ya kubaki Mombasa hata siku mshahara unapochelewa.

Liko na jambo la pili, ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili twapaswa kulisema kwa sauti kubwa kuliko wengine. Utabibu huanza kwa mazungumzo. Kabla ya kipimo cha damu na kabla ya picha ya mionzi, mgonjwa hueleza. Sasa bibi wa Mji wa Kale anaposema "moyo wanipapa", "nasikia kichomi" au "nina mshipa", daktari asiyeijua lugha ya watu hawa kwa undani ataandika nini? Neno "mshipa" peke yake laweza kuwa ngiri, laweza kuwa busha, laweza kuwa maumivu ya kiuno yasiyo na jina. Tena kuna yale ambayo mwanamke wa hapa hatayasema kwa uwazi. Atayazungusha, na asiyejua kuyazungua atayakosa. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini mgonjwa haponi kwa ibara. Hupona kwa kueleweka.

Simaanishi kwamba lugha haifunziki. Yafunzika, na vyama kama hiki chetu vingeweza kuwafunza wanafunzi wa tiba namna ya kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili fasaha na chenye staha. Tayari kuna Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam; si haba. Nasema tu kwamba aliyezaliwa ndani ya lugha huanza safari akiwa mbele hatua kadhaa.

Wengine walivyofanya

Hatuhitaji kubuni gurudumu. Mwaka 1972 nchi ya Japani ilianzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi kwa ajili ya kupata madaktari wa vijijini na visiwani. Kila mkoa hupeleka wanafunzi wawili au watatu kwa mwaka. Mikoa ndiyo inayobeba gharama, na karo huhesabiwa kuwa mkopo. Mhitimu akirudi mkoani kwao akahudumu miaka tisa, yaani mara moja na nusu ya miaka sita ya masomo, deni lote hufutwa. Akikataa, hulipa. Wengi mno wa wahitimu wametimiza ahadi yao, na wengine wamebaki hata baada ya muda kwisha. Jambo la kupendeza ni kwamba Japani ina mikoa 47. Kenya nayo ina kaunti 47. Kilichowezekana huko kwa hesabu ya mikoa si muhali kukifikiria hapa kwa hesabu ya kaunti.

Karibu nasi zaidi, katika wilaya ya mbali ya Ingwavuma, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, hospitali ya Mosvold ilikuwa ikihangaika kupata madaktari. Mwaka 1999 ulianza mpango wa kuwafadhili vijana wa vijiji vya jirani wasomee fani za afya. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: kila mwaka wa ufadhili ulipwe kwa mwaka mmoja wa kazi, na likizo mwanafunzi arudi afanye kazi katika hospitali ya kwao. Sharti hili la likizo ndilo lililonivutia zaidi. Mwanafunzi hasubiri miaka saba ndipo akumbuke alikotoka. Kila mwaka huonana na wagonjwa atakaowatibu, nao humwona. Ukiwa mgeni kwenu kwa miaka saba, hurudi mgeni.

Na ndugu zetu wa Unguja? Mnamo mwaka 2007 Zanzibar ilianza kuwafunza madaktari wake hapohapo visiwani kwa msaada wa walimu kutoka Chuo Kikuu cha Matanzas cha Kuba, na mafunzo hayo baadaye yakaingia chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tofauti ya mpango huo na ule wetu wa mwaka 2018 ni dhahiri. Sisi tulimwajiri mgeni kutibu; wao walimwomba mgeni kufunza. Mgeni wa kutibu huondoka na tiba yake. Mgeni wa kufunza huondoka, elimu ikabaki.

Hesabu yenyewe

Watu hupenda kusema "hakuna pesa" kabla ya kupiga hesabu. Natupige. Tuseme kaunti inachukua wanafunzi watano kila mwaka. Kwa kuwa masomo ni ya miaka sita, mpango ukikomaa kutakuwa na wanafunzi 30 kwa wakati mmoja. Kwa karo ya shilingi 600,000, hizo ni shilingi milioni 18 kwa mwaka. Tukiongeza shilingi 200,000 kwa kila mmoja kwa ajili ya malazi, chakula na vitabu, jumla hufika milioni 24. Bajeti ya Kaunti ya Mombasa huzidi shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Basi gharama yote ya mpango haifiki shilingi tatu katika kila shilingi elfu moja. Hata kama karo si 600,000 kamili bali imezidi kidogo, hesabu haibadiliki kwa kiasi cha kutisha.

Lakini lazima tuwe wakweli. Karo ndiyo sehemu rahisi. Daktari anayelipwa shilingi 206,000 kwa mwezi, ambacho ni kima cha mwanagenzi tu, hugharimu takriban shilingi milioni 2.5 kwa mwaka. Miaka miwili ya mshahara wake huzidi karo yote ya miaka sita. Kwa hiyo kiongozi anayejipigia kifua kwa kutoa ufadhili bila kutenga mshahara amelipa arubuni tu akajidai amenunua nyumba.

Hapa ndipo nasisitiza sharti langu kuu. Kila jina la mfadhiliwa liandikwe sambamba na nafasi ya kazi katika mpango wa bajeti wa miaka ijayo. Mkataba useme kwamba mhitimu atahudumu miaka sita, na akitaka kuondoka mapema atalipa sehemu iliyobaki kwa thamani ya wakati huo. Vilevile useme kwamba iwapo kaunti haitamwajiri katika muda wa miezi kumi na miwili baada ya kusajiliwa kuwa daktari, mhitimu yu huru, hadaiwi kitu. Ahadi ni deni kwa pande zote mbili. Historia ya migomo yetu ni historia ya mikataba iliyoheshimiwa na upande mmoja.

Pingamizi na majibu

Wako watakaosema kwamba sharti la miaka sita ni utumwa wa kisasa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtumwa hakuulizwa. Huyu ameulizwa, amesoma karatasi, na mlango wa kutokea anao, maadamu yu tayari kulipa. Ninachokubaliana nao ni kwamba cheti cha mhitimu kisizuiliwe, na kwamba akiwa kazini apewe ruhusa ya kusomea ubingwa, muda wa masomo hayo usimamishe tu hesabu ya miaka badala ya kuivunja. Daktari aliyefungiwa asipande ngazi atatoroka hata akiwa kwao.

Wako pia watakaosema: mna madaktari wasio na kazi, basi waajirini hao kwanza. Hoja hii ina uzito, na jibu langu ni kwamba naam, waajiriwe. Daktari aliyehitimu leo anaweza kuanza kazi leo, ilhali mwanafunzi wa leo hatatibu mtu kwa miaka saba, sita ya darasani na mmoja wa uanagenzi. Lakini tukingoja tumalize ya leo ndipo tuanze ya kesho, kesho itatukuta palepale. Kuajiri walioko ni kujibu foleni ya sasa. Kufadhili wanafunzi ni kuamua ni akina nani watakaokuwa madaktari miaka kumi ijayo, na kama watoto wa maskini watakuwamo.

Pingamizi la tatu ndilo linalonitia hofu zaidi: upendeleo. Sote twajua basari zinavyoweza kugawanywa, na jinsi orodha inavyoweza kuandikwa upya usiku. Kwa hiyo uteuzi usiwe mikononi mwa wanasiasa. Uwe wa jopo lenye walimu, madaktari na wazee wa mitaa. Mwombaji awe amesoma shule ya msingi na ya upili ndani ya kaunti. Uwezo wa familia uchunguzwe. Na majina ya walioomba, walioteuliwa na alama zao yabandikwe hadharani katika kila wadi, penye macho ya watu. Mombasa ni mji mdogo. Watu wa barazani wanajua nani ni mtoto wa nani, na jicho lao ni mkaguzi asiyelipwa.

La nne ni la kisheria. Jedwali la Nne la Katiba limeiachia Serikali ya Kitaifa elimu ya vyuo vikuu, na kuzipa kaunti huduma za afya. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitumie fedha kwa basari zilizo nje ya majukumu yao pasipo makubaliano na Serikali ya Kitaifa, na jambo hilo likazua mzozo uliofika mahakamani. Wengine waliliona kuwa mwisho wa habari. Mimi naona ni ramani. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 187, inaruhusu serikali moja kuhamishia nyingine jukumu kwa makubaliano. Makubaliano hayo yaandikwe, yawe wazi, na yaseme kwamba lengo lake si elimu kwa ajili ya elimu, bali ni kupata watumishi wa hospitali za kaunti.

Tumewahi kufanya

Atakayeona haya kuwa ndoto, na apande hadi Tudor. Hapo pana Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi yake hiyo mwaka 2013. Kabla ya hapo kilikuwa Mombasa Polytechnic. Na kabla ya yote kilikuwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Ilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamii ya Mabohora na ya serikali ya kikoloni, ili vijana wa pwani hii wapate ufundi wa kisasa. Watu wa madhehebu tofauti, pamoja na serikali ambayo haikuwa yao, walikubaliana kwamba elimu ya vijana wa pwani ni jambo la wote. Majengo yangalipo, na mnara wake huonekana kutoka mbali.

Mji wetu pia una desturi ya wakfu. Watu wameweka nyumba, maduka na minazi ili misikiti iwe na mafuta ya taa na visima viwe na kamba. Sioni kwa nini mwenye uwezo asiweke wakfu kwa vitabu vya mwanafunzi wa udaktari au nauli yake ya likizo. Lakini hiyo iwe nyongeza. Mzigo wenyewe ni wa serikali, kwani Ibara ya 43 ya Katiba imempa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na haki haiombwi kwa bakuli. Isitoshe, wakfu hauwezi kumwajiri daktari wa hospitali ya umma, serikali inaweza.

Kwa wasomi wenzangu nina ombi moja. Tusiandike juu ya afya pale tu mgomo unapotokea, tukanyamaza unapokwisha. Kikao cha bajeti ya kaunti kinapoitishwa, sheria yataka wananchi washirikishwe. Twende. Tuulize kwa Kiswahili chepesi: mwaka huu mtamsomesha nani, na akirudi mtamweka wapi? Tukiuliza kila mwaka, jibu litapatikana, hata kama ni kwa kuchoshwa na swali letu.

Usiku wa leo, mahali fulani baina ya Ngome ya Yesu na Kibokoni, huenda kiti kikabebwa tena hadi barabarani, na kesho daftari litazunguka. Tulitie saini, kama kawaida yetu. Kisha, katika ukurasa wa pili wa daftari hilohilo, tumwandike binti wa Kuze ambaye bado yuko kidato cha nne.